Picha ya Pasipoti ya Meli

Kazi yangu ni nyuso. Pale Mwembe Tayari,
kitambaa cheupe ukutani, kigoda, taa mbili:
inua kidevu, masikio yaonekane, usicheke.
Waendao Jeddah, waendao Doha,
wote nimewakata mabegani kwa kipimo kimoja.

Akaja Bwana Mwaruwa, mnunuzi wa vyuma chakavu,
na bahasha mkononi. "Nipigie ile meli ya Timbwani,
picha kumi na mbili, na mtu pembeni
nijue kimo chake. Wakataji wataanza Jumatatu."

Bamvua la mwezi mchanga. Maji yametoka mbali,
yameuacha mwamba wazi kama ufizi.
Nilivua viatu, nikavivaa tena:
tumbawe halimjui fundi wala mgeni.
Mejumaa yuko mbele, anaruka vidimbwi,
mkonjo wake wa pweza begani,
hatazami chini. Mimi natazama chini tu.

Na ile pale.
Imelalia ubavu, omo imepanda mwamba,
tezi ilishatwaliwa zamani na mawimbi,
mataruma nje, kutu inamenyeka
kwa vipande vipana kama maganda ya muhogo.
Chaza wamejenga mtaa mzima mkukuni.
Jina limebaki herufi tatu, hazitamkiki.
"Sisi twaiita Mgeni," asema Mejumaa.
"Ilikuja usiku, haikubisha hodi."

Nikafungua kamera. Mdomo ukaenda wenyewe:
inua kidevu, nikaiambia meli. Tazama mbele.
Mejumaa akacheka hadi akajishika kiuno.
Lakini ndivyo ilivyokaa, wallahi,
kama mteja aliyesafiri usiku kucha kuja kupigwa picha,
shati la kuazima, ameambiwa asifumbe macho,
wala hajui ataandikwa raia wa wapi.

Upande wa jua. Upande wa kivuli.
Tundu la nanga, lachuruzika kama pua yenye mafua.
Falka, na ndani yake giza, na ndani ya giza
visamaki vilivyosahau kuondoka na maji.
Kila wimbi lilipopiga nje ya mwamba
chuma kilijibu mle ndani
kwa sauti ya mtu anayesogeza sufuria usiku
asiwaamshe watoto.

"Simama pale nipate kimo."
Akasimama, mkonjo wima. Nikazungusha lenzi
na ndipo nilipouona ule mkonjo vizuri:
huku umechongoka, huku una matundu ya ribiti,
matundu yaleyale, nafasi ileile
kama ya zile zilizojipanga ubavuni nyuma yake.
"Ulikuwa wa mama," akasema. "Kabla yake, sijui."

Maji yakaanza kutushika vifundo vya miguu.
Tukapanda kijijini. Alinionyesha bila kuringa,
kama mtu anavyokuonyesha jikoni kwake:
bawaba za mlango wa kina Nyamawi,
ngazi ya kisima, vidato saba,
dirisha la duara, kioo chake kizima,
limepachikwa ukuta wa udongo. Ukuta wa choo.
"Na kengele?"
"Kengele tuliiuza, mwaka wa njaa."
Nilipiga kila kimoja. Hakuna aliyeniuliza bei.

Kumi na mbili za Bwana Mwaruwa zimo bahashani.
Atapima tani zake, zitapungua, atalaumu mizani.
Husemwa: tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Ngamani niliitafuta. Ilijaa mchanga
na kaa mmoja aliyenitolea gando.
Labda ilishahama, ikapanda mwamba kwa miguu ya watu,
na sasa ni lile duara la kioo
ambalo kila asubuhi kuna mtoto amechuchumaa
akiitazama bahari, mwenyewe hana haraka.

Leo mteja wa kwanza ni kijana wa Doha.
Nimemwambia ainue kidevu, ameinua.
Kutu bado imo kwenye kucha zangu;
imeacha alama ya kidole kwenye kona ya picha,
juu kidogo ya bega lake.
Najua ubalozi wataikataa.
Nimemchapia nyingine. Hii ameomba abaki nayo.